Timu ya vijana imechukua ubingwa wa mkoa: twende RCL sasa, tusubiri mwaka, au tumwachie tajiri nafasi?

MleziWaMagu
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu maana Jumamosi tuna kikao cha kamati na mpaka sasa tumegawanyika vibaya. Timu yetu ya mtaani hapa Magu, Mwanza, imechukua ubingwa wa mkoa msimu huu, kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, sisi lengo lilikuwa tu vijana wapate mechi. Sasa tunatakiwa kuthibitisha kama tunakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa (RCL), ile ya kutafuta kupanda daraja. Kuna wanaosema twende hivi hivi na watoto wetu, kuna wanaosema tubaki mwaka mmoja wakomae kwanza, na kuna mtu ana hela zake anataka tumwachie nafasi. Je timu changa inaweza ikapanda mapema mpaka ikaharibika? Wenye uzoefu nisaidieni, mimi siku tatu hizi silali vizuri.

Beki_Namba5
Mkuu hongereni sana kwanza. Ila umeandika kama vile tunakaa jirani. Vijana wana umri gani? Mfukoni mna shilingi ngapi? Wanasoma au wapo tu mtaani? Kocha ana leseni? Na huyo tajiri anataka kuichukua timu na wachezaji wake au nafasi peke yake? Bila hayo tutakuwa tunakujibu hewani.

MzeeWaKirumba
Pandeni! Nafasi ya mpira hairudi mara mbili. Mmeshasahau timu ya Mbao FC ya hapa Mwanza? 2016 wale vijana walipanda Ligi Kuu hata hawakujiandaa, timu zilizokuwa juu yao kwenye kundi ziliadhibiwa kwa upangaji matokeo ndio mlango ukafunguka. Kila mtu akasema wanarudi msimu huo huo. Nikawepo uwanja wa Kirumba mwenyewe siku wanamtoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA 2017, nilirudi nyumbani sina sauti. Fainali Dodoma Simba akawashinda 2-1 lakini mpaka dakika za nyongeza, watoto wa Mwanza hao! Wangesubiri wakomae tungeliona lile?

DadaSapota_Mza
Shikamoo mzee wangu. Mbao ninawapenda na mimi ila malizia stori, 2020 walishuka kwa mchujo mbele ya Ihefu na hawajarudi. Na Mwanza hiyo hiyo tuna mfano unaomfaa zaidi mleta mada, Alliance. Ile ni timu iliyotoka kwenye shule na akademi, vijana watupu, walipanda Ligi Kuu 2018 wakacheza misimu miwili, ule msimu ligi inapunguzwa kutoka timu 20 kwenda 18 wakaondoka nao. Vijana walikuwa na mpira mzuri, pasi fupi fupi, nilikuwa nawaangalia mpaka raha, lakini dakika ya 70 unaona kabisa mtu mzima anaegemea tu kijana anaanguka. Sisemi wasipande, nasema mtu ajue anachokipandia.

MzeeWaKirumba
Marahaba mwanangu. Ila na hao Alliance waliotoka pale wakaenda timu nyingine wakala mshahara walionekana wapi? Ligi Kuu. Ungebaki nao daraja la chini nani angewaona?

MleziWaMagu
Samahanini wakuu nilikuwa kazini. Majibu: wachezaji 22, mkubwa ana miaka 20, wengi 16 mpaka 18. Tisa ni wanafunzi, wanne kati yao form four. Kocha ana leseni ya awali tu, ni fundi cherehani, anafundisha bure tangu 2019. Hela iliyopo kwa mweka hazina ni laki nane na kidogo. Huyo mwenye hela anatoa milioni sita, anataka nafasi na wachezaji wanne atakaowachagua yeye, jina la timu linabadilika. Waliobaki amesema "tutaangalia".

Beki_Namba5
Laki nane?? Kaka hiyo ni mafuta ya kosta kwenda tu, kurudi mtarudi na nini. Hapo ndio ungeanzia stori yako.
Na hilo la kuuza, kabla hamjapokea hata mia nendeni chama cha soka cha mkoa mkaulize kwa maandishi kama nafasi inahamishika na kwa utaratibu gani, msije mkala hela ya mtu halafu usajili ukakataliwa.

KipaMstaafu
Nimesoma nikasema ninyamaze lakini nimeshindwa, ngoja nimwambie mlezi yaliyonikuta maana mimi nilikuwa mmoja wa watoto kama hao wake.

Nilikuwa na miaka 17, timu yetu (siitaji jina wala mkoa) ilichukua ubingwa kama ninyi, mtaa mzima ukalipuka, tukabebwa mpaka kwa mwenyekiti. Viongozi wakasema tunakwenda, hela zitapatikana njiani. Tukaenda kituo cha mbali, safari ya saa kumi na tano kwenye kosta moja ya kukodi, tukafika usiku gesti waliyosema wamelipia haipo, tukalala kwenye darasa la shule, madawati tumeyasogeza ukutani tukatandika makoti na jezi za mazoezi. Asubuhi chai na mkate, mchana wali maharage, usiku mara nyingi chai tena. Mechi siku moja, mapumziko siku moja, mechi tena.

Mechi ya kwanza dakika ya sita ikapigwa kona, straika wao ana ndevu kabisa, jamaa alishacheza madaraja ya juu huko, akanipiga kiwiko cha mbavu refa hajaona. Kuanzia hapo kila kona mimi nikabaki kwenye mstari, kocha anapiga kelele toka toka mguu hautoki. Tulifungwa tano. Ya pili nne kwa moja. Ya tatu vijana misuli inawabana kipindi cha kwanza, beki wetu wa kushoto alikuwa analia huku anacheza, sijawahi kuona hicho kitu tena maisha yangu. Sita bila.

Sasa sikiliza, kufungwa kunasahaulika, sisi tulikuwa watoto tungesahau baada ya wiki. Tumerudi, mwenye kosta hajamaliziwa pesa yake akaja akabeba seti zote mbili za jezi na mipira. Viongozi wakaanza kutupiana lawama, mwishowe wakaona aibu hata kuja uwanjani. Msimu uliofuata waliobaki wakaleta mamluki saba wa ndondo, wale wa kulipwa kwenye mechi za mtaani, sisi tukawa wa kubeba maji. Kati yetu 18 waliendelea na mpira wanne. Winga wetu wa kulia ambaye mpaka leo nasema sijaona mtu anageuka na mpira kama yule, aliacha pale pale, ana bodaboda na sasa ana miaka 33, tukikutana hataki kabisa tuongelee ile safari.

Mlezi usiwapeleke watoto kwa hela ya "itapatikana njiani". Nakuomba.

DadaSapota_Mza
Pole sana kaka. Hilo la jezi kubebwa limeniuma.

Nairobi_Kaskazini
Pole kwa huyo kipa. Niongeze ya huku Kenya, si lazima ukipanda na vijana muharibikiwe. Mathare United ilitoka kwa vijana wa mtaa kupitia MYSA, shirika la michezo la vijana wa Mathare, 1998 wakashinda Moi Golden Cup wakiwa bado daraja la pili, wakapanda ligi kuu na 2008 wakachukua ubingwa wa nchi. Lakini angalia hapo katikati ni miaka kumi. Na nyuma yao kulikuwa na shirika zima, vijana walikuwa na karo, wana mashindano ya kila umri, mtu akitoka kuna mwingine anaingia. Si timu moja ya vijana 22 peke yao duniani.

Chipukizi_Mbeya
Na Mbeya City mmewasahau jamani! Wamepanda 2013, msimu wa kwanza tu 2013/14 wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, kocha Juma Mwambusi, kikosi cha vijana ambao nusu ya nchi haiwajui. Uwanja wao wa Sokoine ulikuwa unajaa mpaka watu wako juu ya miti. Kwa hiyo msituambie vijana hawawezi.

Beki_Namba5
Mbeya City ni ya Halmashauri ya Jiji, bajeti ilikuwepo. Ndio ninachosema tangu mwanzo, kijana mwenye uhakika wa kula anapambana, kijana mwenye njaa anachoka dakika ya 50. Nipe wa miaka 17 aliyelala kitandani nitamchezesha na mtu yeyote.

Gunner_wa_Ilemela
Hata Ulaya ni hivyo hivyo. Uingereza timu tatu zilizopanda 2023 zote zilishuka 2024, zilizopanda 2024 nazo zote tatu zikashuka 2025, Southampton wakaishia na pointi 12. Ipswich walipanda mara mbili mfululizo wakafika juu wakakuta si levo yao.

MzeeWaKirumba
Ipswich wana hela kuliko ligi yetu yote, huo si mfano wa mtoto wa Magu.

Gunner_wa_Ilemela
Mzee hoja yangu ni kasi ya kupanda, sio hela.

Chipukizi_Mbeya
Kasi gani? Tatizo la Ipswich walisajili wachezaji wa Championship, daraja la pili la Uingereza, wakadhani wanatosha. Southampton waling'ang'ania kutoka na mpira nyuma kila mechi wanapoteza pale pale kwenye boksi.

Gunner_wa_Ilemela
Na Alliance walicheza vile vile kwa mujibu wa dada hapo juu. Ndio maana nasema timu changa ikipanda na mpira ule ule wa chini inaadhibiwa.

Mwl_Michezo
Tunatoka nje ya mada. Mlezi, mimi ni mwalimu wa sekondari na nimekaa na timu za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, miaka mingi. Hao wanne wa form four, umeshakaa na wazazi wao? Mtihani wa taifa ni Novemba, kabla ya hapo kuna mock, mtoto akiondoka wiki tatu akarudi ana goti limevimba hawezi kukaa darasani. Nimewahi kumsindikiza mzazi hospitali na mwanae, mama ananiuliza "mwalimu ulisema ni mchezo tu". Sijui nilimjibu nini siku hiyo. Kaeni na wazazi kabla ya kikao, sio baada ya kikao.
Jambo la pili ni miili. Wa miaka 16 anakua bado, mifupa haijakomaa, mechi tatu ndani ya siku tano na watu wazima ni mzigo. Kama mtakwenda basi muwe na wachezaji wa kubadilisha wa kweli.

Fowadi_Mkongwe
Suluhisho lipo wazi, chukua vijana wako 12 ongeza wakubwa sita, kipa, mabeki wawili wa kati, kiungo mkabaji, straika na mmoja wa akiba. Wakubwa wanabeba ugomvi, watoto wanacheza. Mimi mwenyewe nimecheza hivyo nikiwa na miaka 18, mzee mmoja namba sita alikuwa ananiambia "wewe kimbia, huyo niachie mimi". Ule msimu nilifunga magoli mengi kuliko misimu yote.

KipaMstaafu
Wakubwa sita kwa laki nane? Atawalipa nini? Na mamluki anakuja na rafiki yake, mwezi wa pili kikosi sio chako.

Fowadi_Mkongwe
Sio kila mkubwa ni mamluki kaka. Kuna watu waliozaliwa mtaa huo huo wamestaafu wapo, wanafanya kazi zao, ukiwaomba kwa heshima wanakuja kwa nauli na chakula.

DadaSapota_Mza
Mimi hapo nakubaliana na Mkongwe. Na kwenye kuuza mimi sitaki kabisa. Wanne wachukuliwe, 18 "tutaangalia", mtamwangaliaje mtoto usoni siku ya mazoezi?

Beki_Namba5
Dada milioni sita ni vifaa vya miaka mitatu na unabaki na vijana 18 unaendelea kuwalea. Tusichanganye mapenzi na hesabu.

DadaSapota_Mza
Hao wanne ni kina nani unafikiri? Lazima ni wale wanaofunga. Unabaki na watoto 18 walioambiwa hawafai.

MleziWaMagu
Wakuu nimesoma yote mara mbili. KipaMstaafu asante kaka, umenifanya nitoke nje nikakae kidogo.
Ngoja niwaambie kitu. Jana mazoezini hawajui mjadala huu wote lakini wamesikia tetesi. Kuna dogo ni beki wa kulia, ana miaka 16, daluga zake kapigisha soli mara mbili kwa fundi wa sokoni, ile ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa nyavu za kuvulia. Amenifuata akaniuliza, mlezi tukienda huko nije na hizi au kuna za kuazima? Hajauliza tunakwenda au hatuendi. Yeye ameshakwenda. Nikamwambia njoo nazo hizo hizo, nikaondoka.
Nimeongea na wazazi watatu wa form four leo, wawili wamekataa, mmoja amesema niamue mimi. Na kuna mstaafu mmoja hapa alicheza Ligi Kuu, kasema anaweza kuja kusimama beki ya kati kama ratiba haitagusa siku za gulio lake.

Mwl_Michezo
Waliokataa waheshimu. Usiwarudie.

MzeeWaKirumba
Mlezi weka namba ya mchango wa daluga, mimi naanza na elfu ishirini. Twende tusiende huyo mtoto hawezi kucheza na uzi wa nyavu.

Fowadi_Mkongwe
Anavaa namba ngapi? Nina pea moja ya 41 nimevaa kama mara nne, soli nzima.

MleziWaMagu
41 inamtosha akivaa na soksi mbili. Kikao kimesogezwa Jumapili baada ya misa, mweka hazina ana msiba.

Gunner_wa_Ilemela
Poleni na msiba. Mkongwe ile pea ni ya njumu za chuma au plastiki? Uwanja wa Magu ni mgumu.

Fowadi_Mkongwe
Plastiki.