Kapteni na tawa hawakuelewana, mimi nifanye nini? Naomba ushauri

kopa_wa_pwani: Wadau salaam. Mimi ni kopailoti kwa kampuni ndogo ya ndege za kukodi, jina sitaji. Juzi kiwanja kimoja cha pwani tulikuwa twaelekea ranwei, njia ya kupaa na kushukia, tawa (wale waongoza ndege) ikatuambia tusubiri kwenye mstari wa nje ya ranwei, sisi ni namba wani, yaani wa kwanza kwenye foleni ya kupaa. Kapteni ndiye alikuwa kwa redio, akajibu "roja" basi, yaani nimesikia, akaingia ranwei. Nyuma yetu kulikuwa na ndege inashuka ikabidi ipande tena. Hakuna aliyeumia alhamdulillahi. Sasa kapteni ameandika ripoti kwamba tawa ilituruhusu. Mimi nilisikia vingine. Niandike yangu kando ama ninyamaze?

Ustadh_Mitaani: Sema kweli hata kama ni chungu. Mengine mwachie Mungu.

BaharIaMstaafu: Umenikumbusha mbali yakhe. Sisi Kilindini zamani kwenye tagi, zile boti za kuvuta meli, mtu akijibu roja peke yake rubani wa bandari alikuwa akimrudisha hapo hapo, hebu sema umesikia nini! Kuna siku meli ya mafuta, nahodha wake Kingereza chake na changu vyote vya kuombea maji, mimi nasema kushoto yeye asema ndio ndio na ile meli yaenda kulia, tukacheka baadaye lakini wakati ule hakuna aliyecheka, halafu jioni akatuletea sigara kartoni nzima...

Bi_Mwembe: Mzee wangu shikamoo, lakini kijana hakuuliza meli. Wewe kopa, mbona wazunguka? Ripoti ya kapteni ni ya kapteni. Wewe mwenyewe mpaka sasa umeandika nini?

kopa_wa_pwani: Bado sijaandika kitu.

Bi_Mwembe: Sijauliza kuandika tu. Umetia sahihi mahali?

kopa_wa_pwani: Nilitia kwa ile yake. Usiku ule ule, tumechoka, aliniwekea karatasi mbele. Lakini mjue huyu ndiye aliyenitafutia kazi na kontrakti yangu yaisha karibuni, na kodi ya Nyali mwaijua. Tena sahihi haimaanishi nimekubali kila neno, ni kuonyesha nimeisoma.

Kapera_Kisauni: Hahaha eti kuonyesha nimeisoma. Mie nilitia sahihi ya kuonyesha nimesoma mkopo, mpaka leo nalipa.

fundi_mabawa: Niwape kitu. Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ziligongana kwa ranwei, wakafa watu 583. Kapteni wa KLM alianza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kupaa. Kopa wake akasema kwa redio maneno ambayo tawa ikadhani ndege imesimama tu tayari, tawa ikajibu okei kisha ikaongeza ngoja nitakuita, na sekunde hiyo hiyo Pan Am nao wakasema sisi bado tuko ranwei. Redio zikapandana, KLM wakasikia mluzi. Injinia wa KLM, aliyekaa nao chumba cha marubani, akauliza, kwani Pan Am hajatoka? Kapteni akamjibu kwa mkato kwamba ametoka, injinia akanyamaza. Hapo ndipo ujiangalie kopa. Siku hizi ukiambiwa usubiri nje ya ranwei lazima uyarudie maneno yenyewe, roja haitoshi, na tawa nayo ikisikia roja yapaswa ikuulize tena. Kwa hivyo tawa nao wana lao, usimbebeshe mzee peke yake.

kopa_wa_pwani: Ndiyo hiyo! Tawa nao hawakuuliza. Ndiyo maana naona ripoti ya kapteni si uongo kamili.

Bi_Mwembe: Umeokota la mwisho, injinia umempita.

macho_mawili: Jamani mwala chai ya bure. "Namba wani", mstari, ndege inashuka nyuma... hii ni Haneda! Kiwanja cha Tokyo, 2 Januari 2024, ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa namba wani isubiri nje, ikaingia, Airbus ya JAL, shirika la ndege la Japani, ikaishukia. Jamaa ameivisha Haneda kikoi. Pengine ni mwanafunzi atafuta majibu ya mtihani.

Kapera_Kisauni: Nilijua! Kopailoti gani ako onlaini saa nane usiku.

kopa_wa_pwani: Namba wani yasemwa kila kiwanja duniani. Na wale wa Haneda walirudia maneno vizuri kabisa, namba wani pia, na bado wakaingia. Wangu hakurudia hata neno. Ningekuwa natunga si ningewaua watu kidogo ndio mniamini?

macho_mawili: Basi taja aina ya ndege.

kopa_wa_pwani: Nikitaja hapa Mombasa kesho nafahamika.

fundi_mabawa: Iwe kweli iwe ya kutunga, jibu ni lile lile. Mazungumzo ya tawa hurekodiwa. Wachunguzi wakivuta ile rekodi watasikia roja, na karatasi yenye sahihi yako yasema ruhusa. Peleka maelezo yako wewe kabla hawajaivuta.

BaharIaMstaafu: Na zile sigara wallahi zilikuwa nzuri.

Bi_Mwembe: Kopa, wapeleka lini?

kopa_wa_pwani: Nilifikiria nimwambie kapteni kwanza, nisimzunguke. Ni mtu mzima.

Bi_Mwembe: Ukimwambia kwanza hutapeleka.

macho_mawili: Aina ya ndege bado twangoja.