Gari la zimamoto lisimame wapi kwenye ajali?

Wakuu, nafundisha waokoaji wapya. Gari la kwanza kufika lisimame wapi?

Jibu 1: Kabla ya ajali, upande magari yanakotokea. Liwekwe mshazari, lizibe njia yenye ajali na nyingine moja. Magurudumu ya mbele yageuzwe yasielekee waokoaji. Likigongwa lisisukumwe juu yao. Ambulensi ipite, ikae mbele ya gari hilo, ambalo sasa ni kinga.

Jibu 2: Na koni za kuonya madereva je? Kilomita 100 kwa saa ni takriban mita 28 kila sekunde. Koni ya kwanza ikiwa mita 30 tu kabla ya gari la zimamoto, dereva hana muda wa kufunga breki. Anzeni mbali, hasa penye kona. Anayezipanga asiyape magari mgongo kamwe!

Jibu 3: Usiku zimeni taa kubwa, zinapofusha wanaokuja. Vizibao vya kuakisi vivaliwe kabla ya kushuka.