Mtu kazini akisema "naomba mniite jina hili", unamwita au unagoma?

Msafiri: Kuna mwenzetu tulimzoea kama mwanaume, juzi kaandika kwenye grupu la kazi tumwite jina la kike na tuache kumwita kaka. Hakuomba kingine. Nusu wanamwita, nusu wanalitaja lile la zamani kwa sauti makusudi, yeye anainamia kompyuta kama hajasikia. Nyie mngefanyaje?

Simba Mkali: Simwiti. Huo ni ugonjwa wa akili, apelekwe hospitali.

Bi Tulia: Shirika la Afya Duniani lilishautoa kwenye fungu la magonjwa ya akili, walipitisha 2019 ikaanza kutumika 2022, sijui wewe daktari wa wapi. Halafu mama yako alikuzaa akakuita Simba Mkali? Mbona tunakuita na hatujadai cheti.

Simba Mkali: Usinifananishe dada, hili jina nimelipata uwanjani kwa jasho langu!! Na leo jina, kesho atakimbia mbio za wanawake kama Semenya, yule mkimbiaji wa Afrika Kusini.

Mzee wa Pembeni: Hapo umechemka. Semenya kazaliwa wa kike kalelewa wa kike, ishu ni homoni za mwili wake mwenyewe, shirikisho la riadha lilipotaka azipunguze kwa dawa ndio akagoma, akalishtaki.

Simba Mkali: Kesi si alishindwa?

Mzee wa Pembeni: 2019 alishindwa, 2025 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ikasema hakusikilizwa kwa haki. Soma basi.

Dogo Fundi: Mtu kauliza jina nyie mko kwenye mbio. Bondia Cassius Clay 1964 alisema sasa ni Muhammad Ali, mpinzani wake Ernie Terrell akakomaa kumwita Clay, 1967 ulingoni akawa anakula ngumi huku anaulizwa "jina langu nani?"

Simba Mkali: Ali alibadili dini, sio jinsia. Na Terrell hakuanguka, alimaliza raundi zote 15.

Dogo Fundi: Alimaliza jicho limevimba halioni, hongera yake.

Mwana wa Imani: Mimi sina chuki, ila dini yangu hainiruhusu kumwita dada, nitakuwa nasema uongo.

Bi Tulia: Basi mwite jina tupu, hakuna aliyekuomba uhubiri. Mdogo wangu ni kama huyo, kinachomchosha sio anayekosea, ni anayekosea halafu anaomba radhi robo saa mpaka mdogo wangu ndio anaanza kumbembeleza yeye. Ukikosea rekebisha, endelea na kazi. Na maswali ya "umeshafanyiwa operesheni" mbaki nayo, mbona nyie hatuwaulizi mna nini ndani ya nguo.

Msafiri: Wale wanaolitaja la zamani ndio wananishinda, ni wakubwa wangu kikazi.

Mzee wa Pembeni: Wewe tumia jipya mbele yao, kawaida tu, bila mbwembwe.

Simba Mkali: Terrell alilalamika kuchomwa kidole jichoni, hilo mbona hamlisemi?

Dogo Fundi: Wote waliotoa alama walimpa Ali, wewe Clay.

Simba Mkali: Nani Clay??