Naomba ushauri: anga likitoka vizuri, bonde linakuwa giza

Habari zenu ndugu wapenzi wa picha. Naomba mnisaidie, maana nimehangaika na hili kwa miezi sasa.

Napiga picha za mandhari kwa simu, nikiwa safarini na hata asubuhi nikielekea kazini. Shida ni mwanga. Juzi nilisimama kilimani jua linachomoza, ukungu umelala bondeni kama pamba, mawingu yana rangi ya chungwa. Nikigusa bonde kwenye kioo, anga linageuka jeupe tupu na mawingu yanapotea yote. Nikigusa anga, bonde linakuwa jeusi kama makaa. Na macho yangu yaliviona vyote viwili!

HDR (simu inapiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja) inasaidia kiasi, ila majani yakitikiswa na upepo yanatoka mawilimawili kama yana kivuli. Nimejaribu pia kushusha mwanga hadi -1 (hatua moja chini ya kawaida) kisha kung'arisha vivuli baadaye. Sehemu za giza zikajaa chengachenga, yaani vidoadoa. Hizo zilikuwa JPEG, yaani picha za kawaida ambazo simu imeshazichakata na kuzibana. Simu yangu inapiga RAW pia (faili ghafi, kabla picha haijabanwa), lakini sijawahi kuitumia.

Je, nikishusha mwanga vilevile lakini kwa RAW, chenga zitapungua kweli, au bora nitumie stendi, nipige picha mbili zenye mwanga tofauti na kuziunganisha?

Na mnaopiga kupitia dirisha la basi, mnaondoaje mng'ao wa kioo? Kuibana simu kwenye kioo kumenisaidia kidogo, ila mtikisiko unaharibu picha.

Natanguliza shukrani.