Raspberry Pi inasahau saa umeme ukikatika, na mayai yako ndani

mfugaji_singida:
Habari zenu wakuu. Nina mashine ya kutotolesha vifaranga, na Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja) inarekodi joto kila dakika. Bandani hakuna intaneti. Juzi umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri. Kufungua faili nakuta mstari wa 02:49, unaofuata 02:18! Saa imerudi nyuma, huku joto limeshuka kutoka 37.5 hadi 29. Sasa mayai yamepigwa baridi kwa muda gani? Hicho ndicho nilichotaka kujua, na ndicho kisichojulikana. Tena siku ya 18 naacha kugeuza mayai, nahitaji tarehe ya uhakika.

kijana_wa_posta:
Si uiwashie hotspoti ya simu tu? Itachukua saa yenyewe.

fundi_nyaya:
Umeme ukirudi alfajiri yeye kalala, nani atawasha hiyo hotspoti?

Mkuu, Pi 3 haina saa yenye betri. Kuna programu inaitwa fake-hwclock, inaandika saa kwenye kadi ya kumbukumbu kila baada ya saa moja na wakati wa kuzima. Debian, mfumo ulio ndani ya Pi, hufanya kazi zake za kila saa ikifika dakika ya 17, ndiyo maana Pi ikaamka na saa ya 02:17 iliyoandikwa mwisho, ikaendelea na 02:18.

Nunua moduli ya DS3231, saa ndogo yenye betri yake. Usishawishike na DS1307 kwa sababu ya bei: haijirekebishi joto likibadilika, na kioo chake cha kupimia muda, cha kawaida cha 20 ppm (sehemu 20 kwa milioni), kinaweza kukosea karibu dakika nzima kwa mwezi. DS3231 ni ±2 ppm kati ya nyuzi 0 na 40, yaani kama dakika moja kwa mwaka. Hata hivyo iweke nje ya mashine.

Pini 1 ni umeme wa 3.3V, 3 ni SDA (data), 5 ni SCL (mapigo ya saa), 9 ni GND (ardhi). Usiipe 5V! Moduli nyingi za bluu zina njia ya kuchaji betri, na betri ya kidonge ya CR2032 haichajiwi.

Washa I2C (njia ya mawasiliano ya pini hizo) kwenye raspi-config, kisha ongeza kwenye config.txt:

`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Ondoa fake-hwclock, washa upya. Ukiwa na intaneti, hata ya simu, hakikisha saa ni sahihi halafu piga `sudo hwclock -w` kuiandika kwenye moduli. Mara moja tu.

mfugaji_singida:
Nimeifunga mkuu. Ila `i2cdetect -y 1` inaonyesha UU pale nilipoambiwa nitaona 68, anwani ya moduli. Imeungua?

fundi_nyaya:
Nzima kabisa. UU maana yake kerneli, kiini cha mfumo, imeshaishika. Piga `sudo hwclock -r` kusoma saa ya moduli, kisha chomoa umeme usiku kucha bila intaneti uone asubuhi. Mayai yatoe kwanza, lakini!

mfugaji_singida:
Haha, Pi nitaipeleka sebuleni. Mayai hayatoki.