Tupeane uzoefu: Mlo wa likizoni uliokugharimu pesa nyingi na usikuridhishe

Mwanzilishi wa mada, Donholm

Wapendwa, hamjambo. Shule zinakaribia kufungwa na wengi wetu hapa Nairobi tumeanza kuulizia tiketi za treni ya Mombasa, kwa hivyo ninaomba kila aliyewahi kuuziwa chakula kibaya kwa bei kubwa akiwa likizoni atusimulie ilivyokuwa, na hasa atueleze ni swali gani alisahau kuuliza. Ninaanza na kisa changu cha Agosti mwaka jana.

Mama yangu alistaafu ualimu bila kuwahi kuiona bahari. Mimi, mume wangu na binti yetu tulijinyima kwa miezi kadhaa ili tumpeleke, tukapanda treni Syokimau kwa shilingi 1,500 kila mmoja, na siku ya pili tukamtafutia mkahawa wa ufuoni kule Diani ili ale samaki wa kupaka, chakula alichokuwa akikisikia tangu ujana wake. Kwenye menyu kila kitu kilikuwa na bei isipokuwa samaki, ambaye mahali pa bei yake paliandikwa kuwa ni bei ya siku. Nilimwuliza mhudumu, naye akanijibu kwa upole kwamba ni shilingi 350. Sikuuliza ni shilingi 350 za nini. Baadaye nilifahamu kuwa zilikuwa za kila gramu 100, na kwamba kolekole tuliyeletewa alikuwa, kwa maelezo yao, na uzito wa kilo 1.6, ingawa hakuna aliyempima mbele yetu.

Tulingoja saa moja na nusu. Samaki alipofika, ngozi ilikuwa imeungua, ilhali nyama iliyoshika mfupa ilikuwa baridi na inatoa maji. Tui lililopakwa juu lilikuwa jepesi, halina ukwaju wala ladha ya moto wa makaa. Mama alikula polepole, akasema ni mtamu, nami kwa kuwa ninamfahamu nilijua anasema hivyo kwa ajili yetu. Hilo linaniuma hadi leo kuliko pesa zenyewe.

Bili ilisomeka hivi: samaki 5,600, sahani nne za wali wa nazi 1,800, sharubati nne 1,600 na chipsi za mtoto 600, jumla 9,600. Chini yake iliongezwa ada ya huduma ya asilimia 10, kodi ya VAT ya asilimia 16 na ada ya utalii ya asilimia 2, zote zikiwa hazikutajwa popote kwenye menyu, tukalipa shilingi 12,288. Nauli yetu sisi wanne, kwenda na kurudi, ilikuwa 12,000. Mama aliomba kuiona risiti, nikamwambia imepotea.

Mwanachama, Kayole

Pole sana, dada, na umpe mama pole zangu. Nilifanya kazi ya uhudumu Pwani kwa miaka sita kabla ya kuja Nairobi, na ninaona kilichotokea. Agosti ni wakati wa kusi. Bahari huchafuka, ngalawa na mashua ndogo haziwezi kwenda mbali kila siku, samaki wabichi huadimika na mikahawa hutegemea friji. Kupika samaki wa friji si kosa ikiwa ameyeyushwa taratibu na mteja ameambiwa ukweli. Huyo wenu alitolewa kwenye barafu akawekwa motoni papo hapo, ndiyo maana aliungua nje na kubaki baridi ndani.

Kuhusu uzito, fahamuni kwamba mahali pengi samaki hupimwa mzima, kabla hajatolewa magamba na matumbo, kwa hivyo mteja hulipia hata kile kinachotupwa. Tena, ikiwa mlipelekwa pale na dereva wa tuktuk au kijana wa ufuoni, inawezekana alipewa chake. Pale nilipofanya kazi aliyeleta wageni alipata sehemu ya kumi ya bili, na sisi tuliagizwa tuwashawishi wateja waongeze vinywaji ili pengo hilo lizibwe. Nilikuwa nikiona aibu, hasa familia zenye wazee zilipoingia, lakini nilikuwa na watoto wa kulisha. Ada ya huduma nayo haikuwahi kunifikia hata mwezi mmoja, kwa hivyo mkitaka kumshukuru mhudumu, mpeni bakshishi mkononi mwake.

Mwanachama, Umoja

Mimi yalinikuta Kisumu. Nilichagua ngege mkubwa akiwa mbichi, tukapatana shilingi 900, kisha nikaletewa mdogo aliyekwisha kukaangwa asubuhi na kupashwa moto. Walisisitiza kwamba samaki hunywea kwenye mafuta. Nilikula ugali na mboga, samaki nikamwacha.

Mwanachama, Kahawa West

Ningependa tukumbuke kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, pamoja na maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Ushindani nayo inakataza kumtoza mteja ada ambayo hakujulishwa kabla. Mwaka juzi tulikula Naivasha, mahali ambapo watoto wetu wawili walitozwa bei ya watu wazima kwa wali uliokauka na kuku wa jana, kisha ikaongezwa ada ya huduma. Niliomba menyu irudishwe, nikaipitia na meneja ukurasa kwa ukurasa bila kupandisha sauti, na alipokosa kuionyesha ada hiyo aliifuta. VAT sikuigusa kwa kuwa ni kodi ya serikali. Ilituchukua dakika ishirini, na ninaamini wengi wangefanikiwa wakithubutu.

Mwanachama, Lang'ata

Ndugu wa Kahawa West, haki hizo ninazifahamu, lakini siku yangu nilikuwa na wakwe zangu mezani. Mtu hawezi kupitia bili ukurasa kwa ukurasa mbele ya baba mkwe aliyealikwa. Nilitoka kana kwamba ninaenda msalani, nikamlipa keshia kwa M-Pesa, nikarudi kuketi.

Tangu wakati huo tukienda Diani tunapanga nyumba yenye mpishi. Wauza samaki hupita asubuhi kwa baiskeli, mpishi huwakagua macho na matamvua, bei hupatanwa kwa kilo mlangoni, na wazee hula wakiwa wametulia barazani.

Mwanzilishi wa mada, Donholm

Asanteni nyote. Kayole, kijana wa ufuoni ndiye aliyetupeleka, tena alitubebea mama mkoba wake hadi mezani, nasi tukampa shilingi 200 za shukrani. Lang'ata, tafadhali nieleze kama mpishi hulipwa kwa siku au kwa mlo, na kama anaweza kupika kwa chumvi kidogo, kwa sababu mama ana shinikizo la damu na ninataka kumrudisha mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa inavuma.

Mwanachama, Lang'ata

Hulipwa kwa siku, na mnapatana naye mnapofika. Mweleze habari za chumvi kabla hajaenda sokoni. Wa kwetu alitumia ndimu na ukwaju zaidi, na baba mkwe aliomba aongezewe.