Uhudumu wa ndege: kampuni kubwa za Ghuba, ndege za safari fupi, au kuanzia kaunta ya uwanjani?

Tausi_wa_Anga:
Wakuu habarini. Nafanya kazi mapokezi hotelini na kwa kweli moyo wangu wote uko kwenye uhudumu wa ndege. Naona njia tatu mbele yangu: nipeleke maombi kampuni kubwa za Ghuba kama Emirates na Qatar Airways, au niingie kampuni inayoruka safari fupi fupi, au nianzie chini uwanjani kwenye kuchekini abiria halafu nipande taratibu. Mliopita huko naombeni ulinganisho wa kweli, picha za Instagram nimeshaziona za kutosha.

KangaMbili:
Karibu mdogo wangu. Mimi nimeruka Ghuba, kampuni sitaitaja. Uzuri wake upo, tusidanganyane, nyumba unapewa, mshahara haukatwi kodi kule, mafunzo wanagharamia wenyewe, na dunia utaiona. Masharti ya Emirates na Qatar uwe umefika miaka 21, Kiingereza kiwe kimenyooka, na mkono ufikie sentimita 212 ukisimama kwa vidole vya miguu, kwa sababu vifaa vya dharura vinakaa kwenye makabati ya juu na siku ya moto hakuna wa kukuletea stuli.

Sasa upande wa pili. Nyumba ni ya kampuni, kwa hiyo na sheria zake ni za kampuni. Unatua jiji ambalo watu wanaliota, unavuta mapazia saa nne asubuhi na kujilazimisha kulala maana usiku unarudi kazini. Harusi na misiba ya kwenu unaisikilizia kwenye simu. Na mwili unalipa, hewa ya ndani ni kavu mno, na shinikizo lake ni kama umeshinda juu ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000 kutegemea aina ya ndege. Ukiwa bado mdogo na huna mtoto wala mzazi anayekutegemea kumuuguza, nenda. Ukiwa naye, fikiria mara mbili.

SektaNne:
Niko safari fupi na siondoki. Siku ikiwa nzito tunapiga sekta nne, yaani kuruka na kutua mara nne, ndege ikitua abiria washuke, tupitie siti moja moja mikanda ikunjwe, mifuko ya nyuma ya viti ikaguliwe, wengine wapande tuondoke. Ryanair wamejijengea jina kwa kugeuza ndege ndani ya dakika 25, sasa piga picha mwenyewe hiyo kasi. Mgongo unauma ndiyo, ila jioni nakula na wanangu na nalala kitandani kwangu.

Kitu ambacho dada Kanga hajagusa ni malipo. Kampuni nyingi zinakulipa mshahara mdogo wa kudumu halafu juu yake saa za kuruka, na hizo saa zinaanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea. Ule muda unabeba mabegi ya watu na kutuliza watoto mlangoni sehemu nyingi haulipwi, Delta ya Marekani ndiyo ilianza kuulipa mwaka 2022, tena nusu ya kiwango. Kwa hiyo ukiitwa usaili uliza: saa ngapi za uhakika kwa mwezi, na siku za stendibai, zile za kukaa tayari kusubiri kuitwa, zinalipwaje. Usione aibu kuuliza hayo, ni chakula chako.

GetiNambaSaba:
Kuhusu kuanzia uwanjani naomba nikutoe dhana moja. Watu wanadhani kaunta ni ngazi ya kwanza na ndege ni ya pili. Mara nyingi aliyeko kaunta hajaajiriwa na shirika la ndege kabisa, ameajiriwa na kampuni ya huduma za uwanjani kama Swissport au Menzies, kwa hiyo ukitaka kuruka unaomba upya kama mtu yeyote wa nje. Faida unayopata ni uzoefu, utajua mifumo ya kompyuta ya tiketi na abiria kama Amadeus, utajua kusoma viza na pasipoti, na utajua kuongea na mtu aliyeachwa na ndege anakufokea mbele ya foleni nzima. Hicho cha mwisho wasaili wanakipenda sana. Ila wewe dada tayari uko hotelini, uzoefu wa wateja unao, sioni kwa nini uzunguke.

Bisibisi:
Naongezea njia ya nne, ufundi wa ndege. Leseni inachukua miaka, ya Ulaya wanaiita Part-66 na inadai mitihani pamoja na uzoefu wa mikono, lakini ukishaipata unabaki na taaluma ambayo haikuulizi urefu wala tatuu.

Tausi_wa_Anga:
Asanteni sana jamani. Kaka Bisibisi nakuheshimu ila spana siziwezi. Nimeelekea kwa dada Kanga, nyumbani sina anayenitegemea kwa sasa. Usaili wao wanatafuta nini hasa? Na kuna wakala ananiambia nilipie fomu.

KangaMbili:
Wakala huyo mkate leo hii. Emirates hawatozi hela ya maombi, unaomba mwenyewe kwenye tovuti yao, na yeyote anayetaka hela ya fomu au ya "nafasi" ni mwizi.

Usaili una mazoezi ya kundi, na pale wanakutazama unavyowasikiliza wenzako kuliko unavyoongea. Halafu usiende kuwaambia unapenda kusafiri, kila mtu anapenda. Ongea usalama. Sheria za nchi nyingi zinataka mhudumu mmoja kwa kila siti 50 kwa sababu ndege ikijaa lazima iweze kumwagwa watu ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango haitumiki. Tarehe 2 Januari 2024 pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iliwaka moto na watu wote 379 waliokuwemo wakatoka hai. Wahudumu ndio walioamua mlango upi ufunguliwe na upi uachwe. Hiyo ndiyo kazi, chai na kahawa ni za katikati.

GetiNambaSaba:
Na kwenye CV usiandike "nilihudumia wageni". Andika lile la mgeni aliyefika usiku wa manane akakuta chumba chake kimeshatolewa kwa mwingine, ulimwambia nini, ulimpeleka wapi, na asubuhi aliondoka vipi.